Mdiria Anayesimama Hewani

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa mwaloni kwetu kuna ndege mweusi na mweupe ambaye husimama hewani mahali pamoja akipiga mbawa kwa kasi, kisha hujitupa ziwani kama jiwe. Wazee wanamwita mdiria, lakini mdiria niliyemjua utotoni ni mdogo, wa buluu, na hukaa juu ya tete bila kutikisika. Je, ni jamii moja? Na huyu wa hewani humlengaje samaki?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, ni jamii moja, na undugu wao unaonekana mdomoni: mrefu, mnyoofu, uliochongoka kama jambia, kwenye kichwa kinachoonekana kikubwa kuliko mwili unavyostahili. Yule wa utotoni mwako, mwenye mdomo mwekundu na kifua cha rangi ya kutu, ana urefu wa sentimita 13 hivi. Huyu wa mwaloni hufikia takriban sentimita 25 na ana kishungi. Dume utamtambua kwa mikanda miwili myeusi kifuani, ilhali jike ana mmoja tu, ambao mara nyingi umekatika katikati.

Mdogo huwinda kwa kungoja, na anayengojea juu ya tete hawezi kuvua mbali na matete. Huyu mkubwa, ingawa kupiga mbawa namna ile kunamla nguvu nyingi, hahitaji tawi la kutua. Kwa hiyo huweza kwenda mbali na ufuko, kwenye maji wazi ya Ziwa Victoria wanakopita dagaa, na akimpata samaki mdogo humeza akiwa angali anaruka, bila kurudi nchi kavu. Sijaona ustadi wa ndege unaonivutia kuliko huu.

Kuhusu kulenga, yeyote aliyewahi kumchoma samaki kwa mkuki anajua kwamba samaki hayupo pale anapoonekana, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka majini, na samaki huonekana yuko juu zaidi kuliko alipo. Mdiria hulisahihisha kosa hilo, na kusimama kwake juu ya windo kunamsaidia, maana kadiri mtazamaji anavyokaribia kuwa wima juu ya samaki, ndivyo kosa linavyopungua. Utazame mwili wake unavyohangaika na upepo huku kichwa kikibaki kimetulia, mdomo ukielekea chini. Kisha hufunga mbawa na kushuka, na utando mwembamba huyakinga macho yake.

Samaki mkubwa humpeleka mahali pa kutua, akampigapiga hadi atulie, kisha akammeza kuanzia kichwani ili mapezi yasimkwame kooni. Mifupa na magamba huyatapika baadaye yakiwa vidonge vikavu, na ukichunguza chini ya nguzo au mtumbwi anaopenda kutua, utavikuta.