Barua kwa mwanangu: usimwandikie, nenda

Mwanangu,

Umeniuliza umwandikie nini rafiki yako kwa WhatsApp, maana timu yao imevunjwa, kazi imepelekwa nchi nyingine kwa watu wanaolipwa kidogo zaidi, na wewe umebaki, kila ukiandika pole unafuta. Mimi nakwambia usimwandikie kitu. Nenda kwake. Pole huenda na miguu, nimekwambia tangu uko shule ya msingi.

Unamjua shoga yangu wa swichibodi, yule aliyekushonea kanzu ya Idi. Kazi ya simu ilipopewa kontrakta wa nje wakabandika orodha ukutani, yeye yumo, mimi simo. Akaja kuniaga na kikombe chake cha maua amekifunga kwa gazeti, akasimama pembeni yangu, na mimi nikajitia naongea na mtu, naitikia ndiyo, ndiyo, na laini haina mtu. Akangoja wee, akaenda zake. Nikawa nasema nitakwenda nikipata maneno, nitakwenda nikipata pesa, hadi miezi mitatu ikapita, na ni Kisauni hapo tu, matatu moja. Siku nafika nimejipanga maneno chungu nzima, akafungua mlango akaniambia, "Nilidhani umesafiri." Basi. Sijawahi kutukanwa tusi likaniuma hivyo, mpaka leo.

Ukifika usianze na Mungu ana mpango wake, mwache aseme yeye kwanza. Halafu toeni kalamu mpige hesabu pamoja. Sheria ya kazi ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini, asije akasaini karatasi kwa uchungu tu. Wale waliokuwa wakichuja video za Facebook hapo Nairobi, mwaka 2023 walikwenda kortini watu 184 kwa kesi moja. Hakwenda mtu peke yake.

Sasa lile la kuwafundisha hao wa ng'ambo kazi kwa video wiki mbili nzima na wenzako hawajui, hilo hujaniuliza na sitaki kulisema. Ulikuwa na kodi ya nyumba, najua, na mabosi walikukataza kusema. Na hao wa ng'ambo nao wana watoto, si wezi. Lakini huyu ni mwenzako wa sahani moja, jamani, hata neno moja la pembeni? Haya, naacha, kwani si mimi niliyeongea na laini tupu? Ila akikuuliza usimfiche.

Nenda Jumamosi asubuhi, usimpigie kwanza, atakwambia yuko bize. Pole huenda na miguu. Nimewapa basi la usiku mifuko miwili ya visheti, ule uliofungwa kwa uzi mwekundu ni wa kwake.

Mamako