Maswali ya Wasomaji: Maiti haandiki wosia

*Kambo (babu) yangu mzaa baba alitoka Wales kuja kufanya kazi ya migodi hapa Katanga. Jamaa wa Ulaya ametutumia nakala ya wosia wa mzee wa ukoo huo, Rees Morgan, ulioandikwa Novemba 1740. Mkewe ni Margaret Lewis, binti ni Gwenllian Rees, mwana ni David Rees aliyeachiwa shilingi 1 tu, na kuna John Thomas anayeitwa "son-in-law". Hawa ni wa nyumba moja kweli? David alimkosea nini baba yake? Tena daftari la kanisa linasema mzee alizikwa Februari 1740. Maiti anaandika wosia?*
Mama wa Katuba, Lubumbashi (majina ya kwenye wosia tumeyabadilisha)

Tuanze na maiti, mama. Kabla ya 1752, mwaka wa Uingereza na Wales ulianza tarehe 25 Machi, si Januari. Februari "1740" ilikuja baada ya Novemba 1740; kwa hesabu yetu ni Februari 1741. Katika kayee yako andika 1740/41, wajukuu wasije wakarudia swali hilihili. Kisha angalia chini au nyuma ya wosia, mahali mahakama ilipouthibitisha. Kabla ya 1733 maneno hayo huwa ya Kilatini. Maziko yanatakiwa kuangukia kati ya siku ya kuandika na siku ya kuthibitisha. Yakiwa nje ya hapo, umeshika Rees Morgan wa watu wengine, na Wales walikuwa tele.

Majina sasa. Mtoto alichukua jina la kwanza la baba, kama tunavyosema Kasongo wa Ilunga. David ni wa Rees, Rees ni wa Morgan. Zamani zaidi kiungo kiliandikwa wazi: *ap* au *ab* kwa mwana, *ferch* kwa binti. Mabaki yake yamo ndani ya majina ya leo: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ab Owen akawa Bowen. Kwa hiyo ukipanda kizazi kimoja, usitafute mtu wa ukoo wa "Morgan". Tafuta mwanaume aliyebatizwa Morgan, aliyepeleka mtoto Rees kanisani. Kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote.

Margaret Lewis alibaki na jina la baba yake, kama Salima binti Juma anavyobaki binti Juma hata akiolewa mara tatu. Mke kubaki na jina la baba lilikuwa jambo la kawaida Wales. Kwa sababu hiyohiyo, jina Gwenllian Rees halikuambii kama binti ameolewa.

Shilingi 1 si laana. Mara nyingi mtoto alikuwa amekwisha kupewa fungu lake, tuseme ng'ombe au shamba siku ya kuoa. Alitajwa ili asiende mahakamani kudai kwamba baba alimsahau.

John Thomas ndiye wa kuchunguza. Siku hizo "son-in-law" aliweza kuwa mume wa binti, au mtoto wa mke kwa mume wa kwanza. Tafuta ubatizo wa John, baba akiwa Thomas na mama Margaret. Kisha maziko ya huyo Thomas, halafu ndoa ya mjane Margaret na Rees. Zote tatu zikipatikana katika parokia moja au za jirani, ni mtoto wa kambo. Ukipata ndoa ya John na Gwenllian, ni mkwe. Neno "cousin" nalo ni kama "ndugu" letu: huenda ni mtoto wa dada, huenda ni jamaa wa mbali.

*Wosia mwingine tuupate wapi bila kusafiri?*
Kijana wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth, imeweka kwenye intaneti picha za wosia uliothibitishwa na mahakama za kanisa za Wales kabla ya 1858. Kusoma ni bure. Tafuta kwa parokia kwanza, jina baadaye, na ujaribu Rees, Rhys, Rice na Price. Picha ni nzito. Pakua moja moja, umeme usije ukakata katikati. Usichukue ukurasa wa wosia peke yake: orodha ya mali na hati ya dhamana ya msimamizi wa mirathi huenda zikataja jina la shamba, na shamba ndilo linalotenganisha watu wawili wa jina moja.

Wosia wa mwenye mali katika dayosisi zaidi ya moja ulipelekwa mahakama ya kanisa ya Canterbury, Uingereza, na nyaraka zake ziko kwenye hifadhi ya taifa, Kew, London. Parokia chache za mpakani zilikuwa chini ya dayosisi ya Hereford. Kuanzia Januari 1858 kazi yote ya kuthibitisha wosia ilihamia serikalini.

Ubatizo usipoonekana daftarini, angalia nakala ambazo parokia ilimpelekea askofu kila mwaka. Zikikosa pia, huenda familia ilikuwa ya kanisa lisilo la serikali, lenye daftari lake. Na usitegemee cheti cha ndoa kutaja baba za maarusi kabla ya Julai 1837.

*Stanley aliyepita Kongo, ni kweli alikuwa mtu wa Wales?*
Mwalimu, Kamalondo

Ndiyo. Alizaliwa Denbigh mwaka 1841, akabatizwa John Rowlands, na daftari likaandika wazi kwamba ni mtoto wa nje ya ndoa. Jina Stanley alilichukua Marekani. Ukimtafuta kwa jina hilo Denbigh, hayupo.