Uwakili Uingereza: andika ulichofanya, kisha tafuta saini

Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza shahada ya sheria nilituma maombi 23 ya mkataba wa mafunzo, yaani kazi ya kujifunzia uwakili kwenye ofisi ya mawakili. Nilikuwa Leicester, nakaa kwa mama. Mengine yalijibiwa hapana, mengine hayakujibiwa kabisa. Mwaka huohuo, kila Jumatano jioni, nilikuwa nakaa kwenye meza ya ushauri ya kituo kimoja cha mtaani kwetu, nikiandika maelezo ya wapangaji waliopewa notisi ya kuhama. Sikujua kwamba zile Jumatano ndizo zilizokuwa zikinisogeza kwenye uwakili.

Nawaandikia vijana wetu walioko huku, waliozaliwa hapa au waliokuja wadogo kama mimi nilivyotoka Unguja, wanaotaka kuwa solisita: wakili anayekaa na mteja ofisini na kulishika faili lake, si yule wa joho na wigi.

Tangu Septemba 2021 njia ya England na Wales imekuwa hivi: shahada au sifa inayolingana nayo, mitihani miwili ya kufuzu usolisita iitwayo SQE, miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaoitwa QWE, na kukubaliwa kwamba una mwenendo mwema. Hapo kwenye QWE ndipo wengi wetu tunapopoteza haki yetu. Tunadhani lazima upate mkataba wa mafunzo kwenye ofisi yenye lifti na vioo. Si lazima. Miaka hiyo miwili unaweza kuikusanya katika sehemu zisizozidi nne: kliniki ya sheria ya chuo, kituo cha ushauri, kazi ya msaidizi wa kisheria, hata kujitolea bila malipo. Kinachotakiwa ni kazi iwe ya huduma za kisheria, na ikupe nafasi ya kukuza angalau stadi mbili kati ya zile ambazo SRA, mamlaka inayowasimamia masolisita, inazitaka.

Na iwe na saini. Solisita anayesaini haulizwi kama umeiva. Anathibitisha muda uliofanya kazi, kwamba kazi yenyewe ilikupa nafasi ya kujifunza stadi hizo, na kwamba hakuna jambo alilolijua la kutia shaka uadilifu wako. Ni jambo dogo, lakini mimi liliniumiza. Solisita aliyekuwa akitusimamia alihama kabla sijamwomba chochote, na kituo hakikuwa na kumbukumbu ya zamu zetu. Miezi tisa nilikuwa natafuta barua pepe za zamani na kulinganisha tarehe, mpaka nikampata na akakubali kusaini. Tulichoweza kukithibitisha hakikufika hata nusu ya nilichokifanya. Nusu nyingine nimeisamehe, ila sijaisahau.

Kwa hiyo nunua daftari leo. Kila zamu andika tarehe, saa ulizokaa, aina ya kazi na ulichojifunza. Jina la mteja usiandike kamwe, siri yake ni yake. Omba saini siku unayoondoka mahali, usingoje siku ya kuomba kuandikishwa usolisita. Kama hapo ulipo hapana solisita, wa nje pia anaweza kusaini, mradi awe ameiona kazi yako mwenyewe na amepata maoni ya anayekusimamia. Na ujue kwamba hesabu ni ya miaka miwili ya kazi ya kutwa, kwa hiyo jioni moja kwa wiki inahesabiwa kwa kiasi chake.

Sasa pesa. Ada ya mitihani miwili ya SQE peke yake inazidi pauni 4,500, na kozi ya kujiandaa unailipia mbali. Ofisi kubwa zikikupa mkataba wa mafunzo kwa kawaida hukulipia vyote. Usipokuwa nao, serikali haikukopeshi kwa ajili ya mtihani wenyewe. Inakukopesha pale kozi ya maandalizi inapokuwa ndani ya shahada ya uzamili, na si kila mwenye viza anastahili. Mkopo wenyewe unaweza kuzidi pauni 12,000, na ukishaanza kulipa unakatwa asilimia 6 ya kipato kinachozidi pauni 21,000 kwa mwaka.

Kwa Muislamu hapo pana swali la riba. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha mkopo usio na riba, na mpaka naandika haya haujaanza. Nimewaona wenzangu wazuri sana wakisimama hapo miaka, na inanihuzunisha. Fatwa sina, muulize shekhe unayemwamini. Mimi niliokolewa na upatu. Mama alikuwa kwenye mchezo wa wanawake kumi, kila mmoja pauni 200 kwa mwezi, na zamu yake ilipofika akanipa zote 2,000. Ndizo zilizolipia SQE1, mtihani wa kwanza.

Kuna msaada mwingine watu wetu hawauombi kwa sababu ya kuona aibu. Law Society, chama cha masolisita, ina mpango uitwao Diversity Access Scheme, unaolipia gharama za SQE na kumpa mtu mlezi wa kitaaluma, kwa wale waliokutana na vikwazo vikubwa. Fomu inataka uvieleze. Ofisi nyingi pia zinauliza: shuleni ulikula chakula cha bure? Wewe ndiye wa kwanza kwenu kufika chuo kikuu? Sisi tumelelewa kusitiri ya nyumbani. Nilipomwonyesha mama rasimu yangu aliuliza, "Mwanangu, unatutangaza?" Nilimweleza kwamba wasomaji wanapima alama zangu kwa kuangalia nilikotoka, na nikiacha pengo watadhani nilikuwa na kila kitu. Alikaa kimya, kisha akaniambia niongeze kwamba tangu nina miaka 12 nilikuwa namsomea na kumfasiria barua za kaunsili, yaani halmashauri ya mji.

Kwenye mpango ule sikuchaguliwa. Lakini aya zilezile nilizipeleka kwenye ofisi ndogo ya sheria za nyumba, na ndiyo iliyoniajiri msaidizi wa kisheria. Kwenye usaili waliniuliza zaidi kuhusu zile barua za kaunsili kuliko kuhusu shahada yangu.

Ofisi kubwa kama unazitaka, zitafute mapema. Nyingi hufungua maombi Septemba na kufunga kati ya Desemba na Januari, kwa nafasi zinazoanza miaka miwili mbele, na baadhi husoma kadiri maombi yanavyoingia. Jizoeze mtihani wa Watson Glaser, unaopima uwezo wa kuchambua hoja, kabla ya kutuma, usikutane nao kwa mara ya kwanza siku ya kupimwa. Mawakili waliokwisha kuapishwa Kenya au Tanzania hawatakiwi QWE, kwa hiyo msikubali kufanyishwa kazi ya bure kwa kuambiwa ni sharti.

SQE1 una nafasi tatu tu ndani ya miaka sita, kwa hiyo usiufanye kwa sababu tu rafiki zako wamejiandikisha. Jumatano hii ukienda zamu, muulize anayekusimamia jina la solisita atakayekusainia, na uliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.