Wasomaji Wanauliza: Parokia ndogo ya Uingereza hupata wapi historia yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, parokia yetu hapa Kibosho, Moshi, inaandaa kijitabu cha historia yake, nasi tunategemea zaidi masimulizi ya wazee. Nimesikia kwamba hata kijiji kidogo cha Uingereza huweza kuwataja waliozikwa pale miaka 400 iliyopita. Wanajuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, wanajua kwa sababu waliamriwa kuandika. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia itunze daftari la ubatizo, ndoa na maziko, lijazwe kila Jumapili na kufungiwa katika sanduku la kufuli mbili. Wapo walionung'unika wakihisi ni mbinu ya kuwatoza kodi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, utamu haumo katika daftari la ubatizo bali katika vitabu vya fedha. Sheria ya Maskini ya 1601 iliitaka parokia iwatoze wenye mali na kuwatunza maskini wake, na sheria ya 1662 ikaruhusu mgeni aliyeelekea kuwa mzigo arudishwe alikotoka. Kwa hiyo waangalizi wa maskini waliandika nani alipewa mkate, nani alinunuliwa viatu, na yatima yupi alipelekwa kujifunza ufundi kwa nani. Watu ambao wasingetajwa popote wamebaki na majina yao kwa sababu waliigharimu parokia senti chache.

Mfano unaojulikana wa kijiji ambacho watu wake wa kale bado wanatajwa kwa majina ni Eyam, huko Derbyshire, Uingereza, ambako tauni iliingia mwaka 1665, inavyosimuliwa, ndani ya kitambaa cha fundi cherehani kilichotoka London. Padri wao Mwanglikana, William Mompesson, aliwashawishi wanakijiji wasitoke nje ya mipaka yao ili wasiwaambukize majirani, na chakula kikawa kinaachwa mpakani. Mkewe, Catherine, alifariki Agosti 1666. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita katika muda wa siku nane.

Kwa kijitabu chenu, basi, msiishie kwenye daftari la ubatizo. Mwombeni paroko awafungulie vitabu vya mhazini, mihtasari ya vikao na stakabadhi za bati na saruji, kisha mwende kwa wazee mkiwa na majina hayo mkononi.