Dada yangu, uduvi na kozi kumi za Kikorea

Mara ya kwanza kula chakula cha Kikorea cha namna ile, vikozi kumi vidogo vidogo, yaani vyakula vinavyoletwa kimoja baada ya kingine, ambavyo mpishi ndiye anayevipanga, ilikuwa Manhattan, New York. Mdogo wangu alikuwa amehitimu chuo. Yeye kamba wa baharini wakimgusa tu, midomo inavimba. Mimi niliyeweka nafasi nikalisema hilo tulipokwisha kukaa. Kozi nne zikampita hivi hivi, na pesa tulishalipa wiki tatu nyuma. Mpaka leo naumia.

Baadaye ndiyo nikaelewa kwa nini jikoni hawakuweza kugeuza chochote. Ladha ya chakula hiki haianzi sufuriani jioni ile. Inaanzia kwenye jang, viungo vya soya iliyochachushwa. Soya huchemshwa, hupondwa, hufinyangwa kama matofali yaitwayo meju, huanikwa hadi yachachuke, kisha hulowekwa kwenye maji ya chumvi ndani ya mitungi ya udongo. Maji yake ndiyo ganjang, yaani sosi ya soya, machicha yake ndiyo doenjang, rojo zito la soya, na vyote huachwa vikomae kwa miezi, hata miaka. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utengenezaji huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kimchi, mboga zilizochachushwa, nayo mara nyingi hutiwa uduvi wa chumvi au mchuzi wa samaki. Kilichokwisha kukolea humo hakiondoki kwa kuombwa mezani.

Basi andika yote siku unayoweka nafasi: mzio, nguruwe, pombe. Sisi tusiokula nguruwe tusiishie kwenye nyama. Uliza supu imechemshwa na mifupa gani, na kama sosi zina mvinyo wa mchele. Wakikujibu kwamba hawawezi, umeokoa pesa zako.

Fanya hivyo mapema zaidi kwa mikahawa midogo. Atomix ya Manhattan, kwa mfano, kaunta yake ina viti 14 tu, na kila kozi huja na kadi inayoieleza. Jungsik, mkahawa wa mtaa wa Tribeca huko huko Manhattan uliofunguliwa 2011, ulipewa mwishoni mwa 2024 nyota tatu, daraja la juu kabisa la Michelin, kitabu kinachopima mikahawa.

Ukiwa mtu wa "bila wali sijala", vumilia. Mara nyingi wali huja karibu na mwisho, na ndiyo kozi ninayoipenda kuliko zote. Wali na supu ni vya kijiko, vingine ni vya vijiti. Usivisimamishe vijiti ndani ya wali, Wakorea huona ni mambo ya matanga. Na kama mmekwenda na mzee, msubirini aanze, kama nyumbani.

Juu ya bei iliyoandikwa, New York kuna kodi ya asilimia 8.875, na bakshishi ya karibu asilimia 20 kama haijajumlishwa.

Mwaka uliofuata niliandika mapema. Mhudumu alipoleta kimchi, alimwekea mdogo wangu kibakuli cha peke yake, akamwambia kwa upole: hii haina uduvi.