Aliyelikata au Aliyelitolea Jasho?

Wiki hii mmeuliza: "Vazi lililobuniwa na mgeni laweza kuitwa la asili?" Mkatoa mfano wa kilti ya Uskoti, ile nguo ya wanaume ifungwayo kiunoni kama sketi. Nami najibu kwa upande wa mvaaji, maana nimelelewa na mvaa msuli.

Inasimuliwa kuwa kilti fupi ilitokana na Mwingereza, Thomas Rawlinson, aliyekuwa na tanuri la chuma Glengarry, huko Uskoti, miaka ya 1720. Vibarua wake walijifunga shuka kubwa la sufu, mchana nguo, usiku blanketi. Likawatatiza kazini, likakatwa, ikabaki nusu ya chini. Sawa, mkataji alikuwa mgeni, lakini jasho lilikuwa la wenyeji. Kwangu latosha.

Babu alikuwa fundi mashua Pangani. Msuli wake ulikuwa zana: akiingia majini hupiga ubinda, na fedha zake zi kibindoni. Nilipokuwa na miaka 11 tulikwenda ofisi moja mjini kufuata cheti changu cha kuzaliwa. Mlinzi akamzuia mlangoni: "Mzee, na msuli huingii." Babu hakubishana. Alivuka barabara akaazima suruali kwa fundi baiskeli. Ilimpwaya na mkanda hakuna, akaikunja kiunoni vile vile akunjavyo msuli, akaishikilia kwa mkono. Alipotakiwa kulipa dirishani akapapasa kiuno kutafuta kibindo. Fedha zilikuwa kwenye msuli, na msuli nimeukumbatia mimi nje. Akatoka kuzichukua, akaanza foleni upya. Cheti tulikipata saa nane. Njia nzima hakusema neno.

Sasa naona kipimo changu chaniponza. Kama asili ni kazi, kilti ilishatoka humo. Mfalme George wa Nne wa Uingereza aliivaa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, mwaka 1822, na leo utaiona zaidi harusini kuliko penye tanuri. Basi si ya asili? Lakini sheria ya 1746 iliwakataza wanaume wa Uskoti kuivaa, isipokuwa wanajeshi. Kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Haikufutwa hadi 1782. Watu waliozuiwa hivyo siwezi kuwaambia nguo si yao. Niseme ni ya asili, ingawa si kwa sababu niliyoanza nayo, na pengine mwenye kuijua Uskoti atanirekebisha.

Msuli wa babu ninao. Hulala nao. Kazini sijauvaa hata siku moja.