Jibu kuhusu 720720: vigawo 240, si 8

Ndugu wa Kadutu, umeuliza kama ni kweli 720720 ina vigawo 8, yaani namba zinazoigawanya bila baki, kama alivyopata mtoto wako. Hesabu yake si sahihi, ila kosa lake ni moja tu. Anza kwa kuona kwamba 720720 ni 720 × 1001. Hapo kazi inakuwa nyepesi, maana 1001 ni 7 × 11 × 13, na 720 ni 2⁴ × 3² × 5.

Mtoto amezidisha vipeo vyenyewe (namba ndogo za juu, kama 4 kwenye 2⁴), 4×2×1×1×1×1, akapata 8. Kila kipeo kiongezwe 1 kwanza, kwa sababu kigawo kinaweza kukosa kabisa namba tasa fulani, yaani kipeo chake ni 0. Kwa 2 kuna njia tano: 1, 2, 4, 8, 16. Basi 5×3×2×2×2×2 = 240. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo 240, na ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Ni namba nzuri kweli!

Likelemba (pesa za kikundi cha kuchangiana) ya faranga 720720 ingegawanywa kwa watu 13 bila baki: 55440 kila mmoja. Kwa 16, ni 45045. Wakifika 17, kila mmoja anapata 42395 na faranga 5 zinabaki.

Je, 720720 ni kipeo cha pili kamili, yaani namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe? Hapana, vipeo vya 5, 7, 11 na 13 ni witiri. Izidishe kwa 5005, utapata 60060 × 60060.